Karatasi ya Nakshi Juu ya Mti wa Krismasi

Miongoni mwa mapambo yanayotundikwa juu ya mti wa Krismasi katika nchi za Magharibi, na siku hizi katika Japani yenyewe, limo pambo moja dogo ambalo watu wengi hulitazama mara moja wakapita. Ni tufe jepesi, kadiri ya chungwa dogo, lililovikwa karatasi ya Kijapani yenye nakshi za rangi na dhahabu. Hutundikwa kwa uzi, na aghalabu chini yake huning'inia kishada. Mwenye duka huliuza kwa jina la kazi ya jadi ya Japani. Mnunuzi huliweka baina ya nyota na taa. Na sikukuu ikiisha hurudishwa sandukuni kungoja mwaka wa pili.

Watu wawili hulitazama pambo hili kwa macho mawili. Mpenda mambo ya kale hulidharau. Husema kuwa Wajapani wa zamani hawakuwa na mti wa Krismasi, na kwa hiyo jadi inayotajwa dukani ni jadi ya kuuzia tu. Mpenda mambo mapya hulisifu. Husema kuwa Mashariki na Magharibi zimekutana hapo kwa amani. Insha hii yakusudia kuonyesha kuwa wote wawili wamesema upesi mno. Wa kwanza hakuuliza jadi ni nini. Wa pili hakuuliza mkutano huo uligharimu nini. Karatasi ile ilijuana na sikukuu ile zamani, na kujuana kwao hakukuanza kwa amani.

Tuanze na karatasi. Ufundi wake haukuzaliwa Japani. Ulizaliwa China, ukapita Korea, kisha ukavuka bahari. Kitabu cha tarehe kiitwacho Nihon Shoki, kilichokamilishwa mwaka wa 720, chamtaja mtawa wa Kibudha kutoka Korea, ambaye Wajapani humwita Doncho, aliyefika mwaka wa 610 akiwa na ujuzi wa rangi, karatasi na wino. Wajapani hawakuuacha ufundi huo kama ulivyokuja. Walichagua mimea ya nchi yao, hasa kozo, ambao ni wa jamaa ya mforsadi. Ganda lake la ndani huchemshwa katika maji ya majivu, likapondwa, kisha likachanganywa na maji yenye utelezi wa mzizi wa mmea uitwao tororo-aoi. Fundi huchota mchanganyiko huo kwa kiunzi chenye mkeka wa vijiti vyembamba vya mwanzi, akakitikisa huku na huku mpaka nyuzi zikapishana na kushikana. Kazi hii hupendelewa kufanywa wakati wa baridi, kwa kuwa joto huuharibu utelezi ule. Karatasi itokayo hapo ni nyepesi mkononi lakini si rahisi kuchanika, kwa sababu nyuzi za kozo ni ndefu mara kadhaa kuliko nyuzi za miti inayotengenezewa karatasi za magazeti.

Karatasi hiyo ilitumikia mabwana wawili tangu zamani, dini na serikali. Katika hazina ya Shosoin mjini Nara zimehifadhiwa daftari za kuhesabu watu za mwaka wa 702, na baadhi yake zimeandikwa juu ya karatasi ya jimbo la Mino. Baina ya miaka ya 764 na 770, malkia Shotoku aliamuru sala za Kibudha zipigwe chapa juu ya vipande vya karatasi na kutiwa ndani ya vijumba vidogo vya mbao vyenye umbo la pagoda, ambavyo hesabu yake ilitajwa kuwa milioni moja. Nayo dini ya Shinto ilikuwa na desturi yake ya kukata karatasi nyeupe kwa mkato wa kupindapinda na kuitundika juu ya matawi ya mti na kamba za mahali patakatifu. Yafaa msomaji alikumbuke jambo hili, maana twalihitaji mbele: kutundika karatasi juu ya tawi kwa heshima lilikuwa jambo la kale katika Japani.

Sasa tuigeukie sikukuu. Padri Francis Xavier alishuka Kagoshima mwaka wa 1549. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1552, mapadri Wajesuiti na waongofu wao waliadhimisha Krismasi katika mji wa Yamaguchi, nayo huhesabiwa kuwa Krismasi ya kwanza ya Japani. Ukristo ulienea kwa kasi, hasa katika kisiwa cha Kyushu, na watawala wakaanza kuuogopa. Mwaka wa 1597 waumini 26 walisulubiwa Nagasaki. Mwaka wa 1614 utawala wa Tokugawa ulipiga dini hiyo marufuku katika nchi nzima, na marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka 250.

Hapa ndipo karatasi ilipokutana na Ukristo kama shahidi wa upande wa pili. Katika karne ya 17 serikali iliamuru kila nyumba iandikishwe katika hekalu la Kibudha, na hekalu likashuhudia kuwa watu wa nyumba ile si Wakristo. Daftari hizo zilikuwa za karatasi ya mkono kama ile ya mwaka wa 702, nazo ziliandikwa upya mara kwa mara, kijiji kwa kijiji, jina kwa jina. Mtu asiyekuwa na jina lake juu ya karatasi hiyo alikuwa hatarini. Mtu mwenye jina lake, naye ni Mkristo moyoni, aliishi maisha yake yote juu ya uwongo ulioandikwa vizuri. Katika Nagasaki na majimbo ya jirani watu walilazimishwa pia kukanyaga sanamu ya Kristo au ya Mariamu, ili mguu uthibitishe yale yaliyoandikwa na kalamu.

Lakini kitu kinachoweza kumshtaki mtu chaweza kumlinda pia. Katika kisiwa cha Ikitsuki, upande wa magharibi wa Kyushu, Wakristo waliojificha walikuwa na desturi ya kukata misalaba midogo ya karatasi nyeupe, nao waliiita omaburi, yaani kinga. Ilisomewa sala, ikawekwa nyumbani kuwalinda watu na maradhi na balaa, na mara nyingine mgonjwa aliimeza. Mtu akilitazama jambo hili kwa haraka ataliita ushirikina. Mwenye kulipima vema ataona watu wasio na padri, wasio na kanisa wala kitabu, waliochukua kitu kilichokuwamo katika kila nyumba ya Kijapani, ambacho hakikuweza kumtia mtu yeyote shaka, wakakitia imani yao. Lile ndilo pambo la kwanza la Kikristo la karatasi ya Kijapani ambalo twaweza kulitaja, nalo halikutengenezwa kwa kuuzwa.

Sikukuu yenyewe pia haikufa. Mwaka wa 1865, baada ya mapadri wa Kifaransa kuruhusiwa kujenga kanisa la Oura mjini Nagasaki kwa ajili ya wageni, watu wa kijiji cha Urakami walimwendea Padri Bernard Petitjean, wakamnong'oneza kuwa moyo wao na wake ni mmoja. Walimweleza kuwa wao husherehekea kuzaliwa kwa Bwana siku ya 25 ya mwezi wa baridi kali. Kwa miaka 250 walikuwa wameitunza siku ile kwa mdomo, mzazi kwa mwana.

Malipo ya uaminifu huo yalikuwa machungu. Kuanzia mwaka wa 1868 serikali iliwahamisha watu wa Urakami, kiasi cha 3,400, ikawatawanya katika majimbo mbalimbali ili waikane dini yao. Zaidi ya 600 walikufa uhamishoni. Kundi moja la watu 153 lilipelekwa Tsuwano, katika jimbo la Iwami, wakateswa kwa njaa na baridi, na zaidi ya 30 hawakurudi. Iwami lilikuwa na sifa ya kitu kimoja hasa, nacho ni karatasi. Na Tsuwano ulikuwa mmoja wa miji iliyotajirika kwayo. Baridi ile ile iliyomsaidia fundi wa karatasi ndiyo iliyotumiwa kumtesa mfungwa. Mwaka wa 1873, baada ya serikali za Ulaya na Marekani kulalamika, mbao za matangazo ya marufuku ziliondolewa njiani, na waliobaki hai wakarejea kwao.

Tumeona karatasi na sikukuu. Limebaki jambo la tatu, yaani nakshi. Wakati Wakristo wamejificha, miji ya Edo na Kyoto ilikuwa ikikua, na watu wa mijini, wachuuzi na mafundi, walitaka vitu vya kupendeza kwa bei wanayoimudu. Ndipo ikastawi karatasi iitwayo chiyogami, yenye nakshi ndogo ndogo zilizopigwa chapa kwa vibao vya mti, kibao kimoja kwa kila rangi. Haikuwa ya hekalu wala ya ofisi. Ilifunika visanduku, ikavika wanasesere, ikapamba vitu vya watoto na wanawake. Duka la Isetatsu, lililofunguliwa Edo mwaka wa 1864, lingali likiuza karatasi hiyo katika mji huo huo, ambao leo huitwa Tokyo.

Nakshi nyingine zilitoka katika nguo. Kuelekea mwisho wa karne ya 17 aliishi Kyoto mchoraji wa vipepeo vya mkono jina lake Miyazaki Yuzen, na jina lake limebaki kuwa jina la namna ya kutia rangi kimono. Mtu yule alichora kwanza juu ya karatasi ya vipepeo. Michoro yake ikahamia katika hariri. Na nguo zilipoanza kutiwa rangi kwa wingi, nakshi zilipitishwa katika kiolezo, nacho kiolezo kilikuwa karatasi ya kozo iliyokolezwa maji ya matunda ya kaki isiharibiwe na maji, ikatobolewa kwa kisu chembamba. Baadaye nakshi zile za nguo zilirudi tena juu ya karatasi, na karatasi ya namna hiyo yaitwa yuzen mpaka leo. Basi ile rangi na dhahabu tuionayo juu ya tufe imekwenda safari ndefu: kutoka karatasi kwenda nguo, na kutoka nguo kurudi karatasi.

Nao mti wa Krismasi, je? Huu haukutoka Yerusalemu wala Roma. Ni desturi ya nchi za Kijerumani. Habari moja ya mwaka wa 1605 yasimulia kuwa watu wa Strasbourg walisimamisha misonobari nyumbani wakati wa Krismasi, wakaitundika matufaha, vitu vya sukari na mawaridi yaliyokatwa kwa karatasi za rangi nyingi. Tazama miaka. Miaka tisa kabla ya marufuku ya Tokugawa, Mjerumani alikuwa akitundika karatasi juu ya tawi kwa furaha ya sikukuu ile, na Mjapani alikuwa akitundika karatasi juu ya tawi kwa heshima ya miungu yake. Hawakujuana, wala mmoja hakumwiga mwenziwe. Na yule Mkristo wa Kyushu, ambaye angeweza kuyaunganisha mambo hayo mawili, muda si mrefu alilazimika kuuficha msalaba wake wa karatasi.

Marufuku ilipoondoka, sikukuu ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka wa 1874 Hara Taneaki aliandaa Krismasi katika mtaa wa Tsukiji, Tokyo, na yasimuliwa kuwa Baba Krismasi aliingia hali amevaa mavazi rasmi ya kisamurai. Tangu hapo sikukuu ilienea Japani zaidi kwa njia ya maduka kuliko kwa njia ya makanisa. Na leo nchi nzima huwasha taa za Krismasi ingawa Wakristo ni kiasi cha mmoja tu katika mia.

Biashara ilikwenda pia upande wa pili. Mapambo ya kioo ya Marekani yalikuwa yakitoka Ujerumani, hasa mji wa Lauscha. Vita vya mwaka wa 1914 vilipoifunga njia hiyo, viwanda vya Japani viliziba pengo, navyo vikawauzia Wamarekani taa ndogo na mapambo ya miti ambayo mafundi wenyewe hawakuwa nayo majumbani mwao. Baada ya Vita vya Pili, Japani ikiwa chini ya majeshi ya Marekani, bidhaa nyingi zilizopelekwa nje kuanzia mwaka wa 1947 hadi 1952 zilitiwa alama ya kueleza kuwa zimetengenezwa katika Japani iliyokaliwa na majeshi, na mapambo ya Krismasi yalikuwa miongoni mwao. Nchi iliyoshindwa vita ilimpambia mshindi wake sikukuu. Katika njia hiyo ya biashara na ujirani wa lazima, wageni walianza kuipenda karatasi ya nakshi, wakaichukua kwao, na mikono ya Wajapani na ya wageni ikaanza kuifanyia mambo mapya.

Yafaa sasa tulitazame pambo lenyewe likitengenezwa, maana kazi ya mkono husema mambo ambayo maneno huyasahau. Tufe haliwezi kuvikwa karatasi bapa bila makunyanzi. Kwa hiyo fundi hukata vipande virefu vyenye ncha mbili, mfano wa maganda ya chungwa lililomenywa vizuri, kwa kawaida kumi na viwili. Kila kipande hupakwa gundi ya wanga na kulazwa toka ncha ya juu hadi ncha ya chini, na ukingo wake hupanda kidogo juu ya ukingo wa jirani yake. Karatasi ya kawaida ikilowa hukatika. Karatasi ya kozo ikilowa hulegea, ikanyooshwa kwa kidole, ikafuata mviringo, kisha ikakauka na kukaza. Mwisho hubandikwa duara dogo juu na chini kuficha ncha. Vipande hivyo ni vidogo, na aghalabu ni masalio ya kazi kubwa zaidi. Mwenye karatasi nzuri haachi hata ukanda wa upana wa kidole upotee.

Nakshi nazo zina maneno yake. Mawimbi yaliyopangwa kama magamba ya samaki ni dua ya utulivu usio na mwisho. Korongo na kobe ni umri mrefu. Msonobari, usiopukutika wakati wa baridi, ni uthabiti. Ipo nyingine iitwayo asanoha, yaani jani la katani: mistari iliyonyooka ikakutana na kufanya maumbo yenye ncha sita. Mama wa Kijapani aliitia nakshi hii katika nguo ya mtoto mchanga, kwa sababu katani hukua upesi na kwa kunyooka, naye alimwombea mwanawe akue hivyo hivyo. Mnunuzi wa mbali akiiona nakshi hiyo juu ya tufe hudhani ni nyota, akafurahi kuwa amepata nyota ya Bethlehemu. Amekosea jina la kitu, lakini hakwenda mbali na maana yake. Bila kujua, ameitundika nguo ya mtoto mchanga katika sikukuu ya kuzaliwa kwa mtoto.

Je, hii ni jadi au si jadi? Watu wa pwani yetu tuna mfano ulio karibu. Katikati ya karne ya 20 kanga nyingi zilizovaliwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zilipigwa chapa katika viwanda vya Japani. Fundi wa kule alipiga chapa maneno ya Kiswahili asiyoweza kuyasoma, na mwanamke wa huku alimpelekea jirani yake fumbo kwa nguo iliyovuka bahari. Hakuna aliyesema kuwa kanga ile si kanga. Ilikuwa yetu kwa sababu tuliisemesha. Kwa kipimo hicho hicho, pambo la karatasi ni halali ya kila nyumba inayolitundika kwa moyo. Jadi si kitu kilichofungwa sandukuni siku moja na kupigwa kufuli. Karatasi ya Kijapani ilitumikia hekalu, ikatumikia serikali, ikatumikia mwanasesere wa mtoto wa mchuuzi. Na kila mara ilipopata bwana mpya, mtu wa zamani aliona kuwa imeshushwa hadhi.

Hata hivyo, mpenda mambo ya kale ana haki katika jambo moja, nalo si dogo. Mwaka wa 1901 nyumba zilizofanya kazi ya karatasi ya mkono katika Japani zilipita 68,000. Leo zimebaki mamia machache tu. Mwaka wa 2014 UNESCO iliandika karatasi za Hosokawa, Mino na Sekishu katika orodha ya urithi wa wanadamu, na hiyo Sekishu ni karatasi ya jimbo lile la Iwami walikoteswa watu wa Urakami. Lakini sehemu kubwa ya karatasi ya nakshi iuzwayo kwa mapambo siku hizi imetoka katika mashine, na mara nyingi haina kozo safi ndani yake. Nakshi imebaki, jina limebaki, lakini mkono ulioishika karatasi katika maji ya baridi haumo. Pambo la namna hiyo lamsifu fundi kwa maneno huku likimwacha na njaa. Atakaye kuihifadhi jadi kwa kununua, na asiulize tu nakshi ni ya wapi; na aulize karatasi ni ya mti gani na imetoka mkononi mwa nani.

Na yule mpenda mambo mapya, anayeona mkutano wa amani, naye ana deni. Amani ile anayoiona juu ya tawi ilitanguliwa na daftari, na msalaba wa karatasi uliofichwa, na watu 153 katika baridi ya Tsuwano. Karatasi ile ile iliyoshuhudia kuwa mtu si Mkristo leo yang'aa juu ya mti wa Krismasi, wala haina alama yoyote ya ushahidi wake wa kwanza. Karatasi haina kumbukumbu isipokuwa ile inayoandikwa juu yake. Kumbukumbu nyingine zote ni kazi yetu sisi wasomaji, na pambo hili dogo latupa nafasi ya kuifanya kila mwaka linapotolewa sandukuni.